Kaburi la kaka yangu liko kwenye ndoo

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni msomaji wa kimya kimya, leo ndio naanzisha uzi wangu wa kwanza. Hii siyo chai, sijatunga. Nimebadilisha majina tu, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni binti, nasoma chuo hapa Moshi. Kwetu ni Mpanda, na wanaoijua hiyo safari watanipa pole. Wenzangu wengi wako Soweto, mtaa wa huko mjini, kwenye mageto ya maana. Mimi nilifuata kodi nafuu Kibosho, huku mlimani, kwa mama mmoja mjane, nimwite Mama Aloyce. Kodi nafuu niliipata, na baridi nikaongezewa bure.

Mwaka jana kaka yangu Deo alifukiwa na kifusi kwenye mashimo ya dhahabu huko kwetu.

Watu walichimba, wakachoka, wakaacha. Hakutolewa.

Nilienda nyumbani tukakaa matanga bila jeneza. Kama hujawahi kukaa msiba wa namna hiyo, usiombe. Watu hawajui waangalie wapi. Mama alikuwa anaangalia mlango tu.

Nikarudi chuo. Kwenye group letu la WhatsApp waliandika "pole sana dear" na emoji za kulia, hapo hapo mtu akauliza test ni lini. Siwalaumu, hakuna aliyemjua Deo. Mlima mzima huu, aliyewahi kulisikia jina lake ni mimi peke yangu. Nilikuwa mpweke mpaka nikawa naogopa weekend.

Basi ikafika Novemba, Siku ya Marehemu Wote.

Kwa wasiojua, Wachagga wanazika nyumbani, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa. Siku hiyo jumuiya ya kanisa inapita nyumba kwa nyumba. Unakuta makaburi yamefagiliwa, yana maua na mishumaa. Wenye nyumba wanataja majina ya watu wao, mnasali, mnapewa chai na kiburu cha ndizi na maharage, wazee wanapata mbege yao, ile pombe ya ndizi, mnahamia kwa jirani.

Mama Aloyce alinibebesha ndoo ya maji ya baraka. Nikapita nayo kote. Niliwasalia babu za watu, vichanga vya watu, mpaka bibi mmoja ambaye wajukuu zake walikuwa wanacheka wakikumbuka alivyokuwa mkali.

Nilimwonea wivu yule bibi, wakuu. Mtu upo chini ya udongo na bado una watu wa kukucheka.

Tulimalizia kwa Mama Aloyce. Akamtaja mume wake, akawataja wakwe zake. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee mmoja ambaye ni shemeji yake, akauliza kama alivyouliza kila nyumba: "Kuna aliyesahaulika?"

Nikashtukia nimesema, "Deo."

Wote wakanigeukia.

"Deo wa nani?" mzee akauliza.

"Kaka yangu, baba."

"Amelazwa wapi?"

"Hajalazwa, baba. Hawakumtoa."

Hapo nikaanza kulia, na ndoo mkononi, maji yananimwagikia miguuni.

"Ruwa wangu!" Mama Aloyce akamwita Mungu kwa Kichagga. "Miezi yote hii unaishi kwangu na msiba tumboni?"

Akaenda mpakani, akang'oa chipukizi la isale. Isale ni ule mmea wa majani marefu ambao Mchagga anaupanda mpakani na kaburini. Akashika jembe, akaanza kuchimba pembeni ya kaburi la mumewe.

"Hapana, shemeji," mzee akasema. "Isale ndani ya kihamba ni ushahidi. Kesho kutwa wajukuu zetu watagombana hapa amelala nani, na ukoo wake una haki gani."

Najua mtamtukana huyo mzee kwenye comments. Hata mimi nilimchukia. Ila hakusema uongo, huku kesi za mipaka watu wanarithishana. Na mimi kweli ni mpangaji.

"Kwa hiyo mtoto wa watu arudi na msiba wake ndani?" Mama Aloyce akauliza.

Nikageuka niende chumbani kwangu. Mzee akaniita. Akanipokea ile ndoo, maji yaliyobaki akayamwagia makaburi, kisha akachota udongo wa kihamba kwa mikono yake akaijaza. Akapanda lile isale humo.

"Mpangaji huhama," akasema. "Siku ukihama, utahama naye. Ukifika kwenu, mama yako ampande. Haya, jina lake kamili?"

Nikalitaja. Jumuiya nzima ikalirudia. Watu ambao hawakuwahi kumwona wakamtaja kaka yangu kwa lafudhi yao ya Kichagga, na mimi nikalia upya.

Asiwadanganye mtu kwamba upweke uliisha siku ile. Watu walikwenda makwao, nikabaki na ndoo mlangoni. Lakini sasa nina pa kuangalia. Namwagilia, namsimulia mambo ya chuo. Jirani wa chumba cha pili anaamini nina bwana kwenye simu, mwacheni aamini.

Namaliza chuo mwaka huu. Hiyo ndoo nitaipakata mapajani mpaka Mpanda, kondakta aseme atakavyo. Mama bado anaangalia mlango. Nataka siku moja ufunguke, na awe na kitu cha kupokea.

Nilichojifunza ni kwamba pole inasaidia, ila ukimuuliza mfiwa jina la mtu wake unamsaidia zaidi.

Kwa hiyo msinipe pole. Kama una mtu wako asiye na kaburi, wa ziwani, wa mgodini, wa safari aliyokwenda asirudi, mtaje hapo chini. Jina tu linatosha, tutalisoma. Naanza mimi.

Deogratias, mtoto wa kwanza wa mama yangu.

Kuna aliyesahaulika?