Uzi Mwekundu Begani

Mimi ni fundi viatu, na kwa miaka tisa nimegawana chumba kimoja na fundi cherehani: yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Ni mpole kupita kiasi. Mteja akimgombeza kwa suruali inayobana, suruali ambayo mteja mwenyewe ameinenepea, yeye ndiye anayeomba radhi. Hata vikao vya ukoo wao, yeye huarifiwa vikishaisha.

Kwa hiyo nilimwelewa, ingawa alinichosha, alipogeuka kuwa Profesa.

Ilianza na picha. Kuna tamthilia inakuja kwenye televisheni, ya shujaa anayeitwa Ngurumo, mtu wa kuruka maghorofa na kudaka radi kwa mkono. Hata haijatoka, lakini mashabiki wana kundi lao kwenye simu, watu elfu tatu wazima, wenye kazi na familia, wakigombana kama Ngurumo atavaa joho mgongoni au hatavaa. Siku moja mtu akarusha picha yenye ukungu, eti imevuja: shujaa kwa nyuma, na begani kwake mstari wa nyuzi nyeupe.

Jirani yangu aliikuza kwa vidole, akatabasamu, akaandika: "Hiyo ni bandi. Ni mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, mashine ikishapita tunaitoa. Hapo begani kuna kitu bado hakijashonwa. Joho lipo."

Kundi likalipuka. Wakambatiza Profesa siku hiyo hiyo. Tangu hapo cherehani ikala likizo. Asubuhi anakadiria urefu wa joho, mchana anafafanua kitambaa chake, jioni anawashambulia wapinzani, kambi ya Wasiojoho, kwa ukali ambao wateja wake hawajawahi kuuonja.

"Profesa," nikamwambia, "na lile gauni?"

"Lipi?"

"La mpwa wako, bwana! Harusi si Jumamosi?"

"Aa, lile tayari. Limebaki kupigwa pasi tu."

Gauni hilo halikuwa jambo dogo. Fundi hana mtoto, na huyo binti wa dada yake ndiye aliyekulia chini ya meza yetu akichezea vifungo. Dada mtu alitaka gauni la dukani. Binti akakataa katakata: "Atanishonea Mjomba, au naolewa nimevaa sare ya kazini." Ikawa mara ya kwanza kwa ukoo ule kushindwa kwa ajili yake. Nilimwona fundi akijifuta machozi kwa tepu ya kupimia.

Jumamosi nilikuwepo ukumbini. Bibi harusi aliingia shingo juu, gauni jeupe pepepe, limemkaa hasa. Na begani kushoto, mchana kweupe, uzi mwekundu: mishono mirefu kumi na mmoja. Niliihesabu mwenyewe. Nikamgeukia fundi. Alikuwa safu ya pili, simu katikati ya magoti, anawajibu Wasiojoho.

Aliuona uzi Jumatatu, kwenye kundi. Shabiki mmoja alikuwa mwalikwa, naye akapiga picha. "Profesa, hii haiwezi kuwa bahati tu! Bibi harusi ana bandi ileile ya Ngurumo! Tufafanulie." Kabla ya saa kuisha, binti yule alikuwa ameshafanywa mwigizaji, na harusi yake tangazo la siri la tamthilia. Wengine walimcheka tu.

Fundi aliweka simu mezani, akaiokota tena. Hakuna kundini aliyejua gauni limeshonwa na nani. Angeweza kunyamaza. Angeweza kubuni lolote, na wale elfu tatu wangelimeza bila maji. Nilinyoosha shingo, sikuona haya. Aliandika polepole, kwa kidole kimoja: "Huyo ni mpwa wangu. Hakuna siri. Fundi alisahau kutoa bandi. Fundi ni mimi."

Kisha mmoja wa Wasiojoho akauliza: "Kwa hiyo hata fundi wa Ngurumo huenda amesahau tu?"

Angalau hapo angenyamaza! Akajibu: "Huenda." Uprofesa ukaishia hapo, na nilimheshimu kuliko siku zote, ingawa sikumwambia.

Halafu akampigia mpwa wake. Simu yake ni mbovu, haisikiki ila kwa spika, kwa hiyo msinilaumu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Ule uzi begani..."

"Niliuona, Mjomba. Kwenye kioo, kabla hatujatoka. Mama alishika mkasi aukate, nikamzuia."

"Ukamzuia? Kwa nini?"

"Si umeuweka wewe? Nikajua ndio ulioshikilia gauni. Siku nzima sikuinua mkono wa kushoto, hata wakati wa kucheza."