Gari Hainywi Maji ya Kisima

Pikapu ya mama ilikufa kwenye mlima wa Kilungu ikiwa na magunia kumi na moja ya maparachichi mgongoni, na mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa fundi.

Sikuwa na ushahidi wowote. Fundi mwenyewe alikuwa mbali kule chini, kwenye mji wa Salama, pengine akinywa chai. Lakini wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameifanyia gari sevisi, na mimi nilikuwa nimekaa chuo kikuu miaka minne nikifundishwa kuuliza. Nani aliigusa mwisho? Injini ilichemka kwenye kona, ikatoa moshi mweupe, ikagonga mara tatu kama mtu anayebisha mlango wa choo, ikanyamaza. Mama aliteremka akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa: maji yalikuwa yameingia ndani.

"Aiya," alisema. Tulivutwa kwa kamba hadi Salama.

Ulikuwa mwanzo wa msimu. Mama hununua matunda ya majirani huko milimani na kuyateremsha mwenyewe hadi barabara kuu. Kabla ya pikapu, mabroka walikuwa wakija na lori, wanabonyeza kila tunda, wanakataa nusu na kuchukua nusu kwa bei yao, na mama anawapikia chai. Siku aliponunua pikapu alisema hatawapikia tena. Sasa maparachichi yalikuwa yanakomaa, na tunda halingoji mtu. Pikapu isiporudi barabarani wiki ile, mama angerudi kwenye ile sufuria ya chai.

Njia zilikuwa mbili. Fundi alitaka kuifungua injini yetu na kuifanyia ovahoo: hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ipelekwe Machakos ikachongwe, gasketi na ringi zibadilishwe. Jirani yake wa gereji, muuzaji wa injini zilizotumika ambaye familia yake ilihamia Salama kabla mimi sijazaliwa, alitaka tuitupe ile ya zamani tuweke moja aliyosema imetoka Japani juzi.

"Injini unayoijua ni kama mume uliyemzoea, dada," fundi alimwambia mama. Wanasali kanisa moja, na yeye ni mzee wa kanisa. "Kasoro zake unazijua."

"Mume mwingine huzikwa, fundi," muuzaji alidakia kutoka mlangoni kwake. "Mama, amua haraka. Kuna mtu wa Kitui anaikujia kesho asubuhi."

Nilijisemea moyoni: siku zote kuna mtu wa Kitui.

Kwetu hakuna anayeacha gari peke yake gereji. Unaleta cha kukalia, unaleta chakula, unakaa mpaka boneti ifungwe, kwa sababu kuna injini zilizoingia na viungo vyake zikatoka na vya wengine. Mama, aliyekuwa na magunia ya kuuza kando ya barabara kabla hayajalainika, aliniweka mimi. Niliteremsha mtungi wa maji tunaobeba kwenye pikapu, nikaukalia. Kisha, fundi alipokwenda kutafuta spana, nilitoa rangi ya kucha kwenye mkoba nikapaka nukta nyekundu kwenye hedi, kwenye bloku iliyo chini yake, kwenye pampu ya maji na kila nilipofikia.

Fundi alirudi, akainama, akaziona.

"Profesa, umeipamba?"

"Nimeiwekea alama."

"Ndiyo nisiibe?"

"Ndiyo usisingiziwe."

Alicheka, akavua kofia, akafumba macho na kuiombea injini kabla ya kuifungua. Nilimtazama mikono muda wote wa sala. Mtu anayefumba macho mbele yako anataka na wewe ufumbe.

Ilipofika saa nane hedi ilikuwa mezani, imepinduliwa. Nukta yangu ilikuwepo. Fundi aliisogeza kwenye mwanga. Njia za maji zilikuwa zimeliwa, kingo zake zina mashimo kama jino bovu, na ndani mlikuwa na ukoko mweupe. Aliukwangua kwa bisibisi, akagusa kwa ulimi, akaninyooshea.

"Onja."

"Sionji kitu nisichokijua."

"Si ndiyo unaonja ukijue?"

Nilionja. Chumvi.

Alimwita mama, aliyekuja akijifuta mikono kwa leso, akamwonyesha. "Dada, haya ni maji ya chumvi. Mmeweka kwa muda gani?"

"Haijawahi kuwekwa. Gari hii inakunywa maji ya mvua tu, kutoka tangi la nyumbani. Tangu siku ya kwanza."

"Una hakika? Kwa sababu hapo ndipo uamuzi uko. Kama ni mara moja mlikwama mkaweka ya njiani, hedi ndiyo imeumia, na hiyo nitaitengeneza. Kama ni miezi, bloku pia imeliwa huko ndani nisikoona. Nikiipasua yote na kuipeleka Machakos, msimu wako umekwisha. Na nikifunga hedi nzuri juu ya bloku mbovu, itakufa tena kabla ya Krismasi."

"Nimekuambia haijawekwa," mama alisema. "Tengeneza."

Nilikuwa nimeukalia ule mtungi.

Mama alikuwa na sheria moja kuhusu pikapu: gari hainywi maji ya kisima. Niliporudi nyumbani baada ya chuo, bila kazi, nilipewa kazi ya kujaza maji kwenye rejeta na kwenye mtungi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, kwa sababu nimesema. Kwangu hilo halikuwa jibu. Tangi lilikuwa karibu kwisha, kisima cha kijiji kilikuwa hatua chache, maji yake makali mpaka sabuni haitoi povu, na sisi ndio tulikuwa tukiyanywa ili tangi lisikauke. Nilifikiri kama mtu mwenye digrii: maji ni maji, chuma hakina ulimi, watu wanywe ya mvua na gari inywe ya kisima. Sikumwambia. Nilifanya hivyo miezi minane.

Nilimtazama fundi akipanga spana zake na wazo likanijia, nami naliandika kama lilivyokuja. Nikinyamaza, atafunga injini, itakufa tena kabla ya Krismasi, na lawama itamwangukia yeye. Mimi, niliyemshuku tangu mlimani, nitakuwa nilisema ukweli. Sijawahi kuwa karibu hivyo na kuthibitisha shuku yangu.

"Miezi minane," nilisema.

Mama aligeuka. "Nini miezi minane?"

"Maji ya kisima. Ni mimi."

Muuzaji, aliyekuwa anajifanya kusoma simu, aliacha kujifanya.

"Simama," mama aliniambia.

Nilisimama. Alifungua mtungi, akamimina kidogo kwenye kiganja, akaonja, akatema chini. Nilingoja kelele. Alimgeukia fundi na kusema, "Acha. Usifunge." Kisha akanionyesha mlango wa muuzaji kwa kidevu. "Haya. Nenda uiulize ile ya Japani maswali yako yote. Bila kubakisha hata moja."

Nikayauliza. Kwa nini boliti hizi zimepakwa rangi mpya? Karatasi ziko wapi, na namba ya injini inalingana nazo? Huu udongo mwekundu chini ya sampu ya oili ni wa wapi?

"Hata Japani kuna udongo, madam."

"Mwekundu kama wa Salama?"

"Wewe ulishafika Japani?"

Sikuwa nimefika. Nilidai iwashwe pale pale chini, kwenye fremu ya chuma, na fundi aisikilize. Iliwashwa. Fundi aliweka ncha ya bisibisi kubwa kwenye bloku na mpini sikioni, muda mrefu, macho wazi safari hii. Alimwangalia mama, akatikisa kichwa kukubali. Kwa hilo alikuwa akijinyima kazi ya wiki nzima, na nililiona.

Kesho yake asubuhi, wakati injini inaning'inia kwenye mnyororo juu ya pikapu yetu, mtu wa Kitui alikuja kweli. Au mtu aliyesema ametoka Kitui.

Njiani kurudi nyumbani nilimwuliza mama kwa nini hakuwahi kuniambia ni chumvi.

"Nilikuwa sijui ni chumvi. Aliyeniuzia aliniambia isinywe ya kisima. Nikaona amekaa miaka mingi kunishinda kwenye magari."

"Hukumwuliza sababu?"

"Nilikuwa na matunda ya kubeba."

Mpaka leo, kwenye ile kona, mimi huomba tusimame nichomoe kijiti nitazame oili. Mama husimama na kuningoja. Sijui kama injini ile iliwahi kuiona Japani.

Msimu ule mabroka walikuja na lori hata hivyo, wakabonyeza maparachichi ya majirani, wakauliza kama hakuna chai. Mama alikuwa anapakia. Alinituma niwapelekee maji ya kunywa.

Ya kisima.