Zubery Aliyerukwa na Makarani Wawili

Nimetembea sana, Mbeya hadi Iringa na kurudi, nikipaka chokaa nyumba za watu, na mengi nimesahau. Lakini ya Zubery Bushiri, fundi cherehani wa Mlandege pale Iringa, hayo sijayasahau. Hata leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Baba yake alikuwa Mbulushi, wa wale watu waliotoka ng'ambo huko, karibu na Uajemi. Alifia Rujewa kwa homa, akaacha mtoto wa miaka miwili asiye na mama. Mwanamke wa Kihehe, Mwanakhamisi, aliyekwenda kule kununua mchele, akambeba mgongoni akarudi naye kwao Iringa. Ndiye akawa mama. Zubery akakua na pua ndefu na nywele laini, lakini hata ndotoni alikuwa akisema Kihehe.

Sasa mwaka 1957 serikali ilihesabu watu mara mbili: mwezi wa pili wasio Waafrika, mwezi wa nane Waafrika. Karani wa kwanza alimkuta Zubery kibarazani anabishana na mteja kwa Kihehe. Akasema, "Huyu ni wa mwezi wa nane," akaenda zake. Mwezi wa nane akaja mwingine, akamtazama ile pua.

"Fundi, wewe si ulishahesabiwa na wenzako?"

"Wenzangu wepi, bwana karani?"

Karani akacheka, akapita mlango wa jirani. Nchi nzima ikahesabiwa, Zubery hayumo.

Siku hiyo nilikuwa napaka ukuta wake. Akaniambia, "Kaka, hao makarani nimewaachia. Ila siku mama akifa, mimi nitakuwa nani pale kaburini?"

Mama alifariki mwezi wa kumi. Tulipofika makaburini na jeneza, watani walikuwa wameshatutangulia kutuzuia. Wangoni ni watani wa Wahehe, huwaita wala mbwa. Msibani wana ruhusa ya kutukana na kukwamisha maziko, na hakuna wa kukasirika. Lakini wanamtukana mfiwa wa Kihehe tu. Mgeni wanampa mkono kwa adabu: pole sana, bwana.

Zubery alilijua hilo. Upepo ulikuwa unavuma, yeye jasho linamtoka.

Jailos, Mngoni mfyatua matofali, alikuwa amelala chali ndani ya kaburi.

"Sitoki! Muhidini, mama yako mkubwa kaniachia mimi kitanda hiki. Wewe mvivu, hata kulia unalia kwa zamu!"

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Muhidini, mtoto wa dada wa marehemu, akainamisha kichwa. Kisha macho ya Jailos yakamfikia Zubery, aliyekuwa amechuchumaa ukingoni. Jailos akainuka taratibu, akajipangusa vumbi, akanyoosha mkono.

Zubery akafumba macho.

Mkono ule ukamshika ndevu.

"Na wewe Mhehe mwekundu, mla mbwa wee! Mbwa wa msiba wa mama yako umemmaliza peke yako, hata mkia hukutubakizia?"

Zubery ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini petu. Sheikh akakohoa. Mimi nikasema moyoni, leo maziko yameharibika.

Zubery akafumbua macho. "Mkia alikula babu yako," akasema, "alipokuja kwetu mbio kutoka kusini, njaa imemkaba."

Makaburini kote kukalipuka kicheko. Wanawake kule mbali nyumbani walisikia. Jailos akamwachia ndevu, akatoka shimoni, akasema kwa sauti ya chini, "Haya, mwana wa Mwanakhamisi. Shuka ukampokee mama yako."

Muhidini akampisha. Zubery akashuka, akanyanyua mikono, akampokea yule aliyembeba toka Rujewa. Machozi yalikuwa yanapita kwenye zile ndevu zilizovurugika, naye anatabasamu. Sijapata kuona mtu akitukanwa akapendeza vile.

Nikabaki nimesimama na koleo, mpaka Sheikh akanigeukia. "Na wewe mpaka chokaa, umekuwa nguzo? Tia udongo."