Besi ya Kazungu, Sauti ya Bi Khairiya

Kazungu wa Chaani alipiga gita la besi katika bendi ya roki miaka ishirini, lakini nyimbo alizozipenda kwa dhati ni sita alizorekodi kando ya bendi, yeye na Bi Khairiya, mwimbaji mtu mzima wa Bombolulu. Kabla hazijatoka, bibi yule akafariki.

Arobaini ilipokwisha, mwanawe Nawaf akaja.

"Kaka Kazungu, mama yuko kaburini. Kila sauti yake ikipigwa, yeye ndiye anayeulizwa na Mungu. Nakuomba uifute."

"Hata wimbo mmoja nisibakishe, wa kusikiliza mwenyewe?"

"Wallahi, hata mmoja."

Kazungu hakuwa wa dini yao, ila mama wa mtu ni mama wa mtu. Akaifuta sauti ile mbele ya Nawaf, wimbo baada ya wimbo, ikabaki besi tupu.

Nyimbo zikatoka vivyo hivyo, kwa jina lake peke yake. Wenziwe wa bendi wakamcheka.

"Bwana wee, mbona kila mara wanyamaza katikati? Ulisinzia?"

"Sikusinzia," akasema. "Hapo nilikuwa namwachia Bi Khairiya aimbe."