Yuda wa Akalla

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ile ya kuazimana DVD, jirani zangu wa Akalla, kitongoji chetu huku Uswidi, waliniambia kwamba Waingereza wanaoigiza watu wabaya Hollywood hutolewa gerezani: asubuhi kamera, jioni pingu. Niliamini mzimamzima.

Basi alipoingia Mzee Edmund katika darasa letu la Kiswidi la jioni, Mwingereza mrefu kama mnara aliyemfuata mkewe Mswidi uzeeni, nilimtambua papo hapo. Nilikwisha kumwona kwenye DVD zile akitia watu sumu, akiuza nchi, akichoma miji! Kila kipindi niliubana mkoba wangu katikati ya miguu. Hata kalamu sikumwazima.

Wakati huo kanisa letu la Kiswahili lilikuwa likiandaa igizo la Pasaka. Wa kuwa Yesu walijaa ukumbi; wa kuwa Yuda, hakuna. Walisema jina hilo humganda mtu. Mimi, kijana wa sifa, nikajitosa. Nilimbusu Yesu kwa unafiki ambao, nakuapia, ulipasua barafu ya ziwa zima. Mama mmoja alinirushia kiatu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kitongoji cha Rissne na mjomba wangu kumposa Konsolata, msichana wa kanisani kwetu niliyempenda. Baba yake, Mzee Severini, Mrundi mpole, hakutukaribisha hata kuketi.

"Busu lile halikufundishwa," alisema. "Lilitoka ndani. Weye, binti yangu simpi."

"Mzee, lilikuwa igizo!"

"Ndiyo. Na tulikuona."

Hasira! Mpaka leo damu inanichemka. Mtu mzima, amevuka mipaka na kuona makubwa, anashindwa kutenganisha mtu na kanzu aliyovalishwa! Nilimtukana pale pale mlangoni. Mjomba akanivuta shati. Konsolata, aliyekuwa akituletea chai, akageuka na sinia lake, akarudi jikoni. Hakutoka tena.

Jioni ya darasa nilimmwagia Edmund yote. Niliona yeye, mfungwa mzoefu, ndiye atakayenielewa. Alinisikiliza, kisha akaangua kicheko.

"Nani mfungwa? Sijafungwa hata siku moja. Hollywood walisikia lafudhi yangu, wakaitazama pua hii, wakanipa ubaya. Nikaufanya vizuri mpaka nywele zikaniisha. Jioni nilirudi nyumbani kuosha vyombo." Akauonyesha mkoba wangu kwa kidevu. "Na wewe unanifichia huo tangu majira ya baridi. Sasa yule mzee unamkasirikia nini?"

Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Nilirudi Rissne kuomba radhi. Mzee aliipokea, lakini binti hakunipa. Konsolata aliolewa na mwingine, kule Bredäng, na si kwa sababu ya busu. Ni kwa yale matusi, ambayo hakuna mwandishi wa igizo aliyeniandikia.

Kwa hiyo sikia: usimpe mtu tabia ya kazi aliyopewa. Nawe ukihukumiwa hivyo, kasirika, una haki, mimi bado nimekasirika! Lakini ulimi uache nje pamoja na viatu vyenye theluji, ndipo ubishe hodi. Hasira hasara. Mola akujalie wakwe wanaouliza kabla ya kuhukumu, na chai yako ikufikie ingali moto.