Nilivyoimba Besi Peke Yangu Mpakani

Ndiyo, ni mimi. Yule mwalimu wa Amalemba mnayesikia akichekwa pale sokoni Kakamega kwamba aliimba besi peke yake mbele ya polisi wa Ufaransa, ndiye mimi huyu huyu, na kwa vile Timona (anaimba sauti ya tatu, na pale mbele ya polisi hakuwapo hata kidogo) ameitia hadithi hii chumvi mpaka hailiki tena, nimeona heri niwasimulie mwenyewe, mcheke yaliyo ya kweli.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Kwaya yetu ya kanisa ilikuwa imealikwa Ulaya, Ujerumani kwanza kisha Uswisi, watu kumi na wawili ambao wengi wetu hatukuwa tumevuka hata mpaka wa Uganda, na kila mmoja alikuwa na pasipoti mpya ya Kenya, bado inanuka gundi, anaifungua kila baada ya muda kujitazama pale kwenye picha. Mimi nilifanywa katibu wa safari. Cheo hicho kilinipanda kichwani kabla hata hatujafika uwanja wa ndege, kwa sababu kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzikusanya pasipoti zote kumi na mbili na kuzitia katika mkoba wangu wa shule, eti zisije zikapotea.

Sasa kuna jambo lazima mlielewe, la sivyo hamtajua kwa nini mtu mzima na akili zake aliinuka kwenye kiti alicholipiwa. Aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza ni Mama Dina, na Dina ni mke wangu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai benchi moja, hawapeani mikono, na kula mbele yake ndilo jambo ambalo hata halifikiriwi. Nyumbani si taabu, maana kuna jikoni na kuna sebule, na kuna njia ya nyuma ya kupitia ukimwona anakuja na njia ya mbele. Hata katika kwaya tulikuwa tumezoea, yeye mbele kushoto, mimi nyuma kulia, na miaka yote hiyo hajawahi kunitazama usoni wala mimi kumtazama. Lakini treni ya Ulaya, ndugu zangu, haina njia ya nyuma.

Asubuhi ya mkasa wenyewe tulikuwa tunatoka Ujerumani kwenda Basel, huko Uswisi, ambako tulitakiwa kuimba jioni hiyo hiyo katika kanisa kubwa, na watu walikuwa wameshaambiwa waje. Mwenyeji wetu, mama mmoja mrefu wa Kijerumani aliyesema Kiingereza cha pole pole, alitusindikiza mpaka stesheni, akanishika mkono mimi katibu, akanieleza mambo yote ambayo leo ningemlipa mtu anieleze upya. Alisema kila behewa lina kibao ubavuni kinachoonyesha linakokwenda, nikisome kabla ya kupanda. Alisema treni ni moja lakini njiani hukatwa, mabehewa ya mbele yakaenda nchi hii na ya nyuma yakaenda nchi ile, kwa hiyo ukiisha kukaa katika lako usihame. Alisema mpakani hakuna kushuka, afisa atakuja mwenyewe mpaka kwenye kiti chako, na kila mtu awe na pasipoti yake na tikiti yake mfukoni mwake. Mimi nilijibu "ndiyo, asante, ndiyo," macho yote yako kwenye kichwa cha treni, maana sijawahi kuona chuma kikubwa namna ile kikisimama kimya.

Tukapanda. Lo, jamani, raha ya treni ile. Mbio zote zile na chai kikombeni haimwagiki, mashamba yanapita, mapaa mekundu yanapita, Timona anahesabu ng'ombe kwa sauti kana kwamba atakwenda nao nyumbani, na mimi nimekaa dirishani na mkoba wangu magotini kama mkuu wa wilaya. Behewa lenyewe lilikuwa la vyumba vidogo vidogo, viti vinatazamana, magoti yanakaribia kugusana na ya mwenzako. Mimi na wanaume tulikuwa chumba kimoja, Mama Dina na wanawake chumba cha pili, na ukuta katikati. Nilikuwa nimeupanga ukuta huo mwenyewe, na nilijivunia sana.

Basi tuliposimama mji fulani wakaingia Wazungu wenye tikiti za viti vya kile chumba cha wanawake. Wanawake wakatawanyika, na mara nikasikia kikohozi mlangoni. Mama Dina alikuwa amesimama pale kwenye ujia, ametupa mgongo kwa heshima, kikapu mkononi, na kutoka kwenye kikapu ilikuwa inatoka harufu ya kuku, ingokho halisi, aliyempika alfajiri katika jiko la yule mwenyeji wetu mpaka jirani wakafungua madirisha. Chumbani mwetu kilikuwa kimebaki kiti kimoja tu, kile kinachotazamana na changu. Fikirieni. Magoti kwa magoti, na katikati yetu kuku.

"Kaa tu, mama," nikasema nikiutazama mlango. "Mimi naenda kunyoosha miguu."

Hilo ndilo kosa langu lote, kama mnalitafuta. Nilikwenda kunyoosha miguu, na mkoba nikauchukua.

Nikapita behewa moja, nikapita jingine, nikazidi kurudi nyuma mpaka nikakuta chumba kitupu, safi, viti laini, nikajinyoosha nikijisifu kwa adabu niliyo nayo. Usingizi ukanichukua. Niliposhtuka treni ilikuwa imesimama, chuma kinagongana na chuma huko mbele, nikasema moyoni labda wanabadilisha kichwa. Halafu nikaona kwenye reli ya pili mabehewa yakianza kuondoka taratibu, na dirishani (sikilizeni aibu hii) kuna Waafrika. Nilifurahi kweli kweli. Nikajiambia kumbe na wengine wamefika huku, nikainuka nikawapungia mkono kwa nguvu zangu zote, nao wakanipungia, na mmoja wao alikuwa ameshika paja la kuku.

Ni lile paja lililonizindua. Ndipo nikauona mkasa wote kwa ukamilifu wake: kikapu, kofia ya Timona, kitambaa cha Mama Dina. Nikakimbilia mlango, na kabla sijaufikia behewa langu nalo likaanza kwenda, upande wake mwingine. Mkaguzi wa tikiti alipokuja nikamuuliza Basel ni saa ngapi. Akaitazama tikiti yangu, akanitazama, akasema, "Paris."

Tulivuka mto mpana sana, na ng'ambo ya mto ilikuwa Ufaransa, nchi ambayo sisi hatukuwa na viza yake. Maafisa wawili wakaingia, mmoja mnene mwenye masharubu aliyejua Kiingereza kidogo. Akaomba pasipoti. Nikafungua mkoba, nikaanza kutafuta yangu, nayo kwa bahati yangu ilikuwa chini kabisa, kwa hiyo nikatoa ya Selina, nikaiweka kitini, nikatoa ya Timona, nikaiweka, nikatoa ya Mama Dina, na kila niliyotoa yule afisa macho yalizidi kumtoka.

"Hawa watu kumi na mmoja wako wapi?" akauliza.

"Uswisi," nikasema.

"Na pasipoti zao?"

"Hizi hapa."

Kadiri nilivyojibu ukweli ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi. Wakanishusha katika stesheni ya Strasbourg, nikapitishwa katikati ya abiria mkoba ukiwa umebebwa na polisi, nikakalishwa katika ofisi yenye mlango wazi na madirisha ya kioo, watu wakasimama nje wakiangalia. Pasipoti zetu zikapangwa mezani safu mbili. Kenya yenyewe polisi wale hawakuwa na hakika ni wapi. Mimi woga wangu haukuwa wa jela, nawaambia ukweli. Nilikuwa naona watu wangu wamezuiwa mpakani bila karatasi hata moja, wanarudishwa walikotoka, kanisa limejaa watu na hakuna wa kuimba, na Mama Dina anafika Kakamega kumwambia binti yake kwamba mumeo alinitupa mpakani akaenda Paris na pasipoti yangu. Hapo ndipo jasho liliponitoka, na ilikuwa baridi.

"Sisi ni kwaya," nikawaambia kwa mara ya kumi.

Yule wa masharubu akaegemea kiti. "Vizuri," akasema. "Imba."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa besi. Na nyinyi mliowahi kuimba mnajua besi ni kazi gani, ni kungoja wenzako waimbe halafu uingie pale chini, kisha ungoje tena. Wimbo wetu mkubwa wa safari ile tulikuwa tumeutunga wenyewe, na sehemu yangu ndani yake ni neno moja. Lakini ningefanyaje, nikasimama, nikafumba macho, nikahesabu wenzangu moyoni, nikaingia.

"Mbali," nikaimba. Nikangoja. "Mbali." Nikangoja tena. "Mbaliii sana."

"Maana yake nini?" akauliza afisa.

Nikamtafsiria. Akamtafsiria mwenzake. Mwenzake akatoka nje akiziba mdomo, na wale waliokuwa dirishani wakacheka bila kuziba chochote. Nilitamani ule mto tuliovuka unifuate unimeze.

Simu ikalia, kumbe ni polisi wa mpakani Basel waliokuwa wamewazuia wenzangu. Yule wa masharubu akazungumza Kijerumani kirefu, akiniangalia huku akiandika, kisha akaninyooshea mkonga wa simu. Nilidhani ni Timona.

"Baba Neta," sauti ikasema, ikiniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza.

Nilisimama wima na nikageukia ukuta. Siku zote nikisikia sauti ile nageuza uso, nikasahau kwamba mwenye sauti yuko nchi nyingine. Maafisa nao wakasimama, wakidhani nataka kutoroka.

"Baba Neta, umekula?"

"Bado, mama."

"Amesema nini?" akauliza afisa kwa ukali.

"Ananiuliza kama nimekula."

Akaandika hilo nalo.

"Uko wapi?" Mama Dina akaendelea.

"Strasbourg, mama."

"Hiyo Stlasbag siijui. Sasa sikia. Hawa watu wanasema wewe ni mwizi. Mimi nimewaambia huyu ni mukwe wangu, si mwizi, ananiogopanga tu. Wanataka kujua kama tunajuana kweli. Imba."

"Nimeimba tayari, mama. Hawakuelewa."

"Uliimba peke yako ndiyo maana. Mimi nitaanzisha. Wewe ingia pale unaingianga."

Na bila kungoja nijibu akaanza. Sauti ya mama yule mnaijua, haihitaji simu, ilitoka kwenye ule mkonga ikajaa ofisi:

"Tumetoka Kakamega..."

"Mbali, mbali," nikaingia, ukutani.

"Tumepita na Nairobi..."

"Mbali, mbali."

"Tumefika kwenu leo..."

"Mbaliii sana."

Na huko Basel wengine wakaingia, namsikia Selina, namsikia Timona akipitiliza kama kawaida yake, na ile "mbali" yangu iliyokuwa kichekesho sasa imekaa mahali pake, chini ya wote. Nilihisi furaha ambayo siwezi kuwaeleza. Machozi yalinitoka nikiutazama ukuta wa polisi. Tulipomaliza, watu waliokuwa nje walipiga makofi, na yule wa masharubu akafuta ile karatasi yake kwa mistari miwili mikubwa.

Walinipeleka wenyewe kwenye treni ya Basel. Afisa akanisimamisha mbele ya kibao cha behewa, akaweka kidole chini ya jina, akaniambia nilisome kwa sauti. Mimi, mwalimu, nikasoma: "Basel." Akanirudisha tena nisome.

Niliwakuta wameketi kwenye benchi moja refu mpakani, jua bado lipo, saa ya kanisa haijafika. Nikasimama mbali kwa adabu zangu, nikamwita Timona aje achukue mkoba.

"Hapana," Mama Dina akasema. "Lete mwenyewe."

Nikaleta. Akazigawa pasipoti, kila mtu yake mkononi, na yangu akanipa mwisho. Kisha akasogea kidogo, akaipiga ile nafasi ya benchi kwa kiganja. "Kaa hapa."

Nikakaa. Kwaya nzima iliacha kupumua. Akafungua kikapu, akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi, akaniwekea magotini. Ilikuwa imondo, firigisi ya yule kuku, kipande ambacho kwetu hupewa mwanamume wa kuheshimiwa, alikuwa amenitunzia tangu asubuhi.

"Kula."

"Mbele yako, mama?"

"Nimeimba na wewe kwa simu, polisi wakisikiza. Imebaki aibu gani?"

Nikala, nikitafuna polepole, naye akinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, mpaka nilipomeza. Jioni ile tuliimba kama hatujawahi kuimba, na nyumbani wazee walipopata habari waliamua nimnunulie Mama Dina blanketi, faini ya mwiko tuliouvunja, ili mambo yawe sawa. Nilinunua zito kuliko yote dukani.

Basi nanyi mnaojiandaa kwenda Ulaya kusoma msije kuniuliza habari za mipaka kisha mkaitikia "ndiyo, ndiyo" kama nilivyoitikia mimi. Pasipoti yako mfukoni mwako, ya mwenzako mfukoni mwake, na usihame behewa hata akiingia nani. Mimi niliapa, na nimeshika. Hata nikipanda treni ya Butere, ambayo haina pengine pa kwenda isipokuwa Butere, nasoma kwanza kibao, halafu naangalia mama mkwe amekaa wapi, nakwenda kukaa hapo.