Uso wa Mwali na Asali ya Kisawasawa

Wajukuu zangu wana kikapu kizima cha chupa. Kuna ya asubuhi, kuna ya kulalia, kuna ya kuzuia jua. Juzi mmoja aliyetumbua chunusi mpaka shavu likawa kama ardhi iliyochakurwa na kuku akanijia. "Bibi, wewe ulipaka nini ujanani mpaka uso ukawa hauna doa?"

Nikamwambia, kwanza kutokuwa na doa ni uongo. Doa ninalo moja, makunyanzi tu yamelizunguka. Pili, kaa chini, maana jibu lake linapita kwa nyuki. Hakukaa, alikuwa na haraka. Basi naliandika hapa, akipata nafasi atasoma. Shule niliishia darasa la pili kwa masista, kwa hiyo anayetafuta nukta atafute mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwaka gani hasa siujui. Nakumbuka tu kwamba mpunga ulikubali na Mto Kilombero ulishuka mapema. Tulikaa Kibaoni. Nilikuwa nimevunja ungo, nikaingizwa ndani kuwa mwali, kama ilivyokuwa kwetu. Padri hakupenda mwali akae ndani muda mrefu. Bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye aliyenitunza, alimwahidi miezi mitatu. Moyoni alihesabu sita, na Jumapili alikwenda kuungama kama kawaida. Sijui kama hilo aliliungama.

Masharti ya mwali yalikuwa hivi: jua usilione, wanaume usiongee nao, na kioo usikiguse. "Mwali haoni uso wake," alisema Bibi. "Uso wake ni wa watu." Kazi yangu ilikuwa kula wali na kambale wa mafuta, kusuka ukili na kufundwa. Nikanenepa. Nikawa mweupe kama mche wa mpunga uliofunikwa na chungu.

Mwezi wa pili, chunusi zikaja. Ziliota kwenye paji, mashavuni na kidevuni, nyingine zina vichwa kabisa. Sasa binti wa miaka ile, kakaa gizani, mikono haina kazi, unategemea nini? Binamu yangu wa kike alinipitishia kipande cha kioo kwenye tundu la ukuta, na mwiba wa mndimu. Kila Bibi alipokwenda kuteka maji, mimi nilitumbua. Chunusi zikakauka, zikaacha vishimo na madoa meusi. Na kwa vile ngozi ilikuwa imeng'aa kwa kukosa jua, kila doa lilijitokeza kama jiwe kwenye mchele.

Bibi aliniinua kidevu penye mwanga wa mlango.

"Umelima usoni?"

"Hapana, Bibi."

"Basi nguruwe pori amepita."

Hakunipiga. Alichukua kioo changu akakitupa chooni, na mwiba pia. Kisha akaanza dawa yake, na dawa yenyewe ni hii, mjukuu, kama umefika hapa. Mchele unaoshwa, maji ya kwanza yanamwagwa maana yana vumbi la kinu. Ya pili yanalazwa kwenye chungu mpaka yachachuke kidogo. Unanawia asubuhi na jioni, unajipangusa kwa kipande cha kanga kuukuu, kwa kugusa tu, usisugue. Na mikono ikae mbali. Hilo la mikono ndilo lililokuwa gumu. Alinipa ukili wa kusuka hata usio na kazi, ili vidole vichoke.

"Madoa yataondoka lini, Bibi?"

"Mpunga unauvuta kwa mkono ukue? Ngoja."

Tungengoja. Lakini shangazi yangu akavuka mto kutoka Lupiro. Shangazi, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa mbio. Hata kulia msibani alianza kabla ya wenzake. Alifika na kapu la ndimu na habari.

Habari ilihusu mchumba wangu. Yeye alikuwa wa kulekule Lupiro, kijana mkulima. Nilimwona mara mbili tu, ya pili akijaribu kuendesha baiskeli yenye magunia mawili ya mpunga. Alianguka, akabaki amelala chini anacheka. Nikasema moyoni, huyu nitaishi naye. Kwao walikuwa wameshaleta jembe na kanga, ndiyo posa. Sasa shangazi anasema mama yake amesikia maneno.

"Maneno gani?" Bibi akauliza.

"Kwamba mwali ana mabaka usoni. Na kwamba ndiyo sababu hamtaki kumtoa."

Bibi akakaa. Bonde letu siku zile, mtu akisema baka usoni, hakuna aliyefikiria chunusi. Tulifikiria ukoma, baka lisilosikia hata likichomwa mwiba. Wagonjwa walikuwapo, tuliwajua, walikuwa ndugu za watu.

"Huyo mama atakuja mwenyewe siku ya kutoa mwali," shangazi akaendelea. "Akiona anachokiogopa, jembe linarudi Lupiro."

Nililia mpaka ukili ukalowa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Shangazi akasema mambo ya kusubiri ni ya wenye muda, akakata ndimu, akanisugua, akanikalisha kwenye mwale wa jua uliopenya mlangoni ili ikauke. Uso ukawaka kama nimepakwa pilipili. Kufika siku ya tatu madoa yalikuwa meusi mara mbili. Bibi alizikusanya zile ndimu zote akazikamulia kwenye samaki. Tulikula samaki wachachu wiki nzima, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Siku ya kutoka, Bibi alitaka nitoke na uso mtupu, ulionawa maji ya mchele basi. Shangazi akasema hapana, tuupake. Mjomba alikuwa ameleta asali kutoka Kisawasawa, kule chini ya milima, asali nyeusi nzito. Chenga za mchele zikatwangwa zikawa unga. Mpango ulikuwa asali chini ishike, unga juu ufunike. Wakaniuliza mimi. Na mimi, mjinga, nikasema tupake.

Nikatoka mweupe kama kinu kilichotoka kutwangiwa. Wanawake wakaimba, nikakalishwa mkekani uani, kichwa chini, kanga ikaondolewa. Mwali haongei, hacheki, hainui macho. Mbele yangu niliona miguu tu. Miguu miwili ilikuwa imekaza, haichezi ngoma. Nikajua ni ya mama wa mchumba.

Kiangazi kile, maua yamekauka, nyuki wana njaa. Nani alikumbuka nyuki? Wa kwanza alitua puani. Nikatulia. Wa pili akatua kwenye kidevu, wa tatu akapanda shavu akaanza kuchimba unga kutafuta asali yake.

"Mwali ana adabu jamani," nikamsikia mwanamke mmoja. "Hata nyuki hamtingishi."

"Si adabu," mwingine akanong'ona. "Pengine hasikii."

Ile miguu miwili ikasogea nyuma hatua moja. Nilielewa maana yake, nikataka kupasua ukimya, lakini adabu za miezi sita zilinifunga mdomo. Basi nyuki akanifungulia. Alichoma shavu la kushoto, katikati kabisa ya doa kubwa kuliko yote.

"Mama yangu weee!"

Niliruka nikapiga teke mkeka, nikatumbukiza kichwa kwenye beseni la maji ya kunawia wageni. Ngoma ikakatika. Mtu akasema, "Mwali amesema! Mwali amepiga kelele!" Bibi alifunika uso kwa aibu. Nilipoinuka unga ulikuwa unachuruzika hadi shingoni, na madoa yangu yote yako nje, mbele ya watu.

Mama wa mchumba alikuwa amesimama mbele yangu.

"Amekuchoma wapi?"

"Hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Juu ya doa au pembeni?"

"Juu ya doa, mama, panauma sana!"

Akaokota unyoya wa kuku chini, akanishika kidevu. "Fumba macho." Akanipitishia unyoya doa moja baada ya jingine. "Hapa unasikia? Na hapa?" Nilikuwa nalia upande mmoja na kutekenywa upande mwingine, nikashindwa, nikacheka kwa kelele.

"Anasikia!" akapaza sauti kwa watu wote. "Yote anasikia! Ni chunusi tu za utoto!" Akapiga kigelegele chenye nguvu mpaka wale nyuki waliobaki wakaondoka.

Baadaye, akila wali, alimwambia Bibi kwamba kaka yake alikuwa kambi ya wagonjwa, na yeye ndiye aliyempelekea mchele kila mavuno. Kaka yake alianza na baka moja ambalo halikusikia hata kaa la moto. "Madoa ya huyu ningeyatambua nikiwa mlangoni," alisema. "Ulionitisha ni ule unga. Nikajiuliza, wanafunika nini?"

Bibi akamgeukia shangazi, akamtazama. Shangazi akaomba aongezewe mchuzi.

Jembe lilibaki Kibaoni. Nilivuka kwenda Lupiro kuolewa kabla ya mvua, na chungu cha maji ya mchele nilikuta mama mkwe ameshaniwekea. Mchana nilivaa kofia ya ukili nikifukuza ndege mpungani, mikono ikashika jembe ikasahau uso. Masika mawili yakapita, siku moja nikajitazama majini wakati wa kuvuka nikakuta madoa yamekwenda bila kuniaga. Vishimo vichache vilibaki, navyo nilivizoea.

Lakini lile la shavu la kushoto, alipochoma nyuki, halikuondoka. Mume wangu alilipenda. Miaka yote, tukiwa tumenuniana, alikuwa akija nyuma yangu nikipika na kulibonyeza kwa kidole.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia. Ondoa mkono, una matope."